Utani katika Makundi ya Mtandaoni: Kicheko Kinachojenga na Kicheko Kinachobomoa

Kuanzia mijini hadi vijiji kama Sapiwi, wilayani Bariadi, taarifa nyingi za Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kwaya, WAWATA na VIWAWA siku hizi hupitia katika makundi ya WhatsApp. Tangazo la Misa likishatoka, mara hufuata kichekesho, katuni au sauti iliyorekodiwa. Mzaha huo una kazi yake: huwafanya wanakikundi wajitambue kuwa ni "sisi". Anayeuelewa ni mwenzetu. Asiyeuelewa ni mgeni. Ndiyo maana yafaa kujiuliza: kicheko chetu kinamjenga nani, na kinambomoa nani?

Utani wa Wahenga

Jambo hili si geni Usukumani. Tangu karne ya 19, Wasukuma wamekuwa na vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu. Kila upande hutunga nyimbo za kuubeza mwingine, na kwa kucheka pamoja wafuasi hujiona ndugu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, mashindano hayo yamepata nafasi katika sherehe za Bulabo, zinazofungamana na Sherehe ya Ekaristi Takatifu.

Utani upo pia baina ya makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, na baina ya mashabiki wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, wanaoitana "watani wa jadi". Lakini utani wa wahenga ulikuwa na mipaka na wajibu. Mtu alijua nani ni mtani wake na nani siye. Aliyetaniwa alikuwepo, naye alikuwa na haki ya kujibu. Zaidi ya hayo, mtani aliyekucheka jana ndiye aliyefika msibani kwako kusaidia mazishi na kuwafariji wafiwa.

Mtandao Unapoondoa Mipaka

Katika simu, mipaka hiyo hupotea kwa urahisi. Anayechekwa mara nyingi hayumo katika kundi, hivyo hawezi kujibu. Kichekesho kuhusu lafudhi ya Kisukuma au michembe, kinachopendeza kati ya watani, kikisambazwa kwa wasiojuana huwa dharau kwa kabila zima.

Kwa Kanda ya Ziwa, hatari ni kubwa zaidi. Hapa watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina. Wanawake wazee nao wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi husababishwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Picha ya bibi mwenye macho mekundu, ikitumwa na maneno ya kuchekesha kuhusu uchawi, si utani tena. Ni shutuma iliyovikwa kicheko, na wapo watakaoisadiki.

Viungo vya Mwili Mmoja

Katika Ujumbe wake kwa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni ya mwaka 2019, uliojengwa juu ya Waraka kwa Waefeso 4:25, Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alionya kwamba mara nyingi utambulisho mtandaoni hujengwa kwa kumpinga aliye nje ya kundi. Mkristo hawi "sisi" kwa kumtenga mwingine, bali kwa kuwa kiungo cha Mwili mmoja. Hata hivyo, Baba Mtakatifu huyo huyo, katika Wosia wa "Gaudete et exsultate" wa mwaka 2018, alihesabu furaha na ucheshi miongoni mwa alama za utakatifu. Kanisa halikatazi kucheka.

Basi, kabla ya kutuma kichekesho, mwamini ajiulize maswali matatu. Je, ningelisema hili mbele ya mhusika? Je, anaweza kunijibu, tukacheka sote? Je, akipatwa na msiba kesho, nitakwenda kwake bila aibu? Jibu likiwa "ndiyo", huo ni utani. Likiwa "hapana", kidole kisibonyeze.