Kutoka Beni na Mulago hadi Mpondwe: Istilahi za Kiswahili na Ufasiri wa Matokeo ya Tafiti za Ebola Wilayani Kasese

Ikisiri

Makala haya yanaeleza matokeo makuu ya tafiti za tiba na chanjo ya Ebola zilizofanywa mashariki ya Kongo na nchini Uganda tangu mwaka 2018, kisha yanachunguza jinsi istilahi za Kiswahili zinavyoyafikisha, au zinavyoshindwa kuyafikisha, matokeo hayo kwa wakazi wa Katwe, Bwera na Mpondwe. Hoja kuu ni kwamba ufanisi wa tiba mpya unategemea sana siku ambayo mgonjwa anafika kituoni. Hivyo, neno linalomwogofya mgonjwa au kumpotosha lina gharama inayoweza kupimwa kwa uhai wa watu. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera.

1. Utangulizi

Wilaya ya Kasese imekaa kati ya milima ya Rwenzori, Ziwa Edward na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Chumvi inayovunwa katika ziwa la Katwe hupita Bwera na Mpondwe kuelekea Kasindi na miji ya Kivu Kaskazini, na wavuvi wa nchi mbili hushiriki maji yale yale ya Ziwa Edward. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo huzungumza lugha za mama zinazokaribiana sana. Hata hivyo, mfanyabiashara asiyezijua lugha hizo, askari wa mpakani, dereva wa lori na mkimbizi hukutana nao kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo, Kiswahili mahali hapa ni daraja la kila siku, hata kama si lugha ya kwanza ya wengi.

Daraja hilo lilipimwa mwaka 2019. Tarehe 11 Juni ilithibitishwa kwamba mtoto wa miaka 5 aliyeingia kutoka Kongo pamoja na jamaa zake alikuwa na Ebola. Alikuwa amepelekwa Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa kituo cha kutibu Ebola kilichokuwa Bwera. Jamaa zake wawili nao walithibitishwa kuambukizwa. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo huo, mtoto mwingine aliyevuka mpaka kutoka Kongo aligunduliwa katika ukaguzi wa Mpondwe. Wagonjwa wote wanne walifariki, lakini ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda. Maandalizi yalikuwa yametangulia: kabla ya kisa cha kwanza, Uganda ilikuwa imewachanja wahudumu wa afya wapatao 4,700 katika vituo 165. Upande wa pili wa mpaka, mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliacha wagonjwa 3,470 na vifo 2,287.

2. Jaribio la PALM na maana yake

Katikati ya mlipuko huo lilifanyika jaribio la kitabibu lililobeba jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha, maarufu kwa kifupi PALM. Lilianza Novemba 2018 chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibayolojia na Tiba ya Kinshasa, inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, kwa ushirikiano na taasisi za afya za Marekani. Wagonjwa 681 walishirikishwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, miji ambayo wakazi wa Bwera wana jamaa na wateja ndani yake.

Dawa nne zililinganishwa. Baada ya siku 28, walikuwa wamefariki takriban wagonjwa 50 kati ya kila 100 waliopewa ZMapp na 53 kati ya kila 100 waliopewa remdesivir. Kwa mAb114 idadi hiyo ilikuwa 35, na kwa REGN-EB3 ilikuwa 34. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mnamo Agosti 2019 kamati huru ya usalama ilishauri jaribio lisimamishwe na wagonjwa waliofuata wapewe dawa mbili zilizoonekana bora. Dawa hizo ni kingamwili, yaani chembechembe za protini zinazomkamata kirusi kabla hajaingia ndani ya seli. Ile ya mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza rasmi kwa wagonjwa wa Ebola ya aina ya Zaire.

Ndani ya matokeo hayo kuna jambo ambalo kwa mkazi wa mpakani lina uzito kuliko majina ya dawa. Miongoni mwa wagonjwa waliofika wakiwa na virusi vichache mwilini, walifariki takriban 10 kati ya kila 100 waliopewa mAb114, na 11 kati ya kila 100 waliopewa REGN-EB3. Kwa waliofika virusi vikiwa vimejaa mwilini, idadi hizo zilipanda hadi 70 na 64. Watafiti walikadiria kwamba kila siku moja ya kuchelewa tangu dalili kuanza iliongeza uwiano wa kufa kwa takriban asilimia 11. Dawa ni ile ile na kitanda ni kile kile. Kinachotofautiana ni siku ya kufika. Siku hiyo huamuliwa nyumbani, na huamuliwa kwa maneno yaliyosikika redioni, kanisani, msikitini na sokoni.

3. Jina moja, virusi vitatu

Kikwazo cha kwanza cha kilugha ni jina lenyewe la ugonjwa. Mkazi wa Kasese husema "Ebola" kwa ugonjwa unaosababishwa na virusi vya aina zaidi ya moja. Mlipuko wa Kivu Kaskazini ulisababishwa na aina ya Zaire. Mlipuko wa Mubende, uliotangazwa Septemba 2022 na kumalizika Januari 2023, ulisababishwa na aina ya Sudan. Aina ya tatu iligunduliwa mwaka 2007 katika wilaya jirani ya Bundibugyo na ikapewa jina la wilaya hiyo.

Chanjo iitwayo Ervebo, ambayo ufanisi wake ulithibitishwa nchini Guinea mwaka 2015 kwa kuwachanja watu wa karibu na mgonjwa pamoja na watu wa karibu yao, hukinga dhidi ya aina ya Zaire. Haikuweza kutumiwa Mubende. Mwananchi aliyeambiwa mwaka 2019 kwamba "chanjo ya Ebola ipo", kisha akaambiwa mwaka 2022 kwamba "chanjo ya Ebola haipo", ana haki ya kushuku kwamba moja ya kauli hizo ilikuwa uongo. Zote mbili zilikuwa kweli. Kilichokosekana ni neno moja la kubainisha aina.

Pengo hilo ndilo lililoshughulikiwa mwaka 2025. Uganda ilitangaza mlipuko wa aina ya Sudan tarehe 30 Januari, baada ya muuguzi wa Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Mulago, ambayo ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Makerere, kufariki. Siku 4 baadaye lilizinduliwa jaribio la chanjo dhidi ya aina hiyo, nalo likapewa jina la Kiswahili: Tokomeza. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 26 Aprili 2025, ukiwa na wagonjwa 14, wakiwemo 2 ambao hawakuthibitishwa kwa vipimo vya maabara, na vifo 4. Hapa pana somo la takwimu linalopaswa kuelezwa kwa uwazi: wagonjwa wanapokuwa wachache, jambo ambalo ni heri kwa umma, huwa vigumu kupima kwa uhakika chanjo imekinga kwa kiwango gani. Kumalizika kwa mlipuko hakutoshi kuwa ushahidi kwamba chanjo imefaulu, wala si ushahidi kwamba imeshindwa.

4. Istilahi zinazohitaji uangalifu

Ni jambo la kutia moyo kwamba majaribio mawili makubwa ya Ebola yamebeba majina ya Kiswahili. Hata hivyo, jina la Kiswahili halitoshi ikiwa maelezo yaliyo chini yake hayaeleweki. Istilahi tano zinafaa kuangaliwa.

Ya kwanza ni *jaribio*. Katika fomu za ridhaa neno hili lina maana ya uchunguzi uliopangwa kitaalamu. Katika masikio ya wengi linakaa karibu na *kujaribu*, yaani kutenda bila hakika, na karibu zaidi na *majaribu*, yaani mitihani ya maisha na vishawishi. Kusema "tunataka kukujaribia dawa" ni kumweka mgonjwa mahali pa kitu. Kusema "tunalinganisha dawa ili tujue ipi inaokoa wengi zaidi" kunaeleza kazi yenyewe.

Ya pili ni *nasibu*. Wanataaluma husema wagonjwa walipangwa kwa nasibu. Msikilizaji wa kawaida hulijua neno hilo kupitia *bahati nasibu*, mchezo wa kamari ambamo wengi hupoteza. Kumwambia mama wa mgonjwa mahututi kwamba dawa ya mwanawe itachaguliwa kwa nasibu bila ufafanuzi ni kumwambia kwamba uhai wa mtoto unachezewa. Maelezo yanayofaa ni marefu zaidi: kwa kuwa hakuna anayejua bado dawa ipi ni bora, si daktari wala mgonjwa anayechagua, ili pasiwe na upendeleo, na kila dawa ipate wagonjwa wa hali zinazofanana.

Ya tatu ni *kutenga*. Kitabibu, mgonjwa hutengwa ili asiambukize. Katika jamii za Kiswahili, hasa katika lugha ya makanisa, *kutengwa* ni adhabu ya aliyekosa. Tamko kwamba "atakayeonyesha dalili atatengwa" huweza kumfanya mtu afiche homa kwa siku tatu, na siku tatu, kwa matokeo ya PALM, si muda mdogo. *Kuhudumiwa katika wodi ya peke yake* hueleza tendo lile lile bila hukumu.

Ya nne ni jozi ya *kutibu* na *kuponya*. Kiswahili kina utajiri wa kutofautisha mambo haya mawili, lakini taarifa za habari mara nyingi huchanganya. Kingamwili hizo hutibu na hupunguza vifo. Haziponyi kila mgonjwa. Familia iliyoahidiwa uponyaji kisha ikapokea maiti haitamleta mgonjwa wa pili.

Ya tano ni *chanjo* yenyewe, na hapa Kiswahili kina mtaji. Neno hili latokana na *kuchanja*, yaani kukata ngozi kidogo, tendo ambalo jamii nyingi zililijua kupitia chale za dawa. Wazo la kinga inayotiwa mwilini kabla ya ugonjwa si geni. Kinachohitaji kuongezwa ni wakati: kinga ya Ervebo haiji siku ile ile ya sindano, kwani huchukua takriban siku 10. Anayeugua siku ya tano baada ya kuchanjwa hakuambukizwa na chanjo. Huenda alikwisha kuambukizwa kabla yake.

Pamoja na istilahi, kuna tofauti za lahaja. Kiswahili cha Bwera kinapokea athari za Kiswahili cha Kongo. Huko *muganga* ni tabibu wa hospitali kwa maana ya heshima, ilhali kwingineko *mganga* huweza kueleweka kuwa ni mwaguzi. Matini iliyosanifiwa Dar es Salaam au Nairobi haifai kusambazwa Mpondwe kabla ya kusomewa watu wa Mpondwe.

5. Mapendekezo

Mazingira ya kisera yapo. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Baraza la Mawaziri liliridhia hatua za kukitekeleza mwezi Julai 2022. Na Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka huo. Kwa msingi huo inapendekezwa kwamba:

(a) Kamati za maadili ya utafiti zidai muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, pamoja na fomu ya ridhaa. Mshiriki huombwa idhini mwanzoni. Astahili pia kuambiwa mwishoni kilichopatikana.

(b) Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iandae faharasa ya pamoja ya istilahi za milipuko, ikishirikisha wazungumzaji wa Kongo na magharibi mwa Uganda, na ibainishe aina za virusi kwa majina.

(c) Tarakimu zitolewe kwa hesabu ya watu kati ya 100, kwa kuwa asilimia pekee huwapita wengi.

(d) Kiswahili kitumike wilayani Kasese sambamba na Lhukonzo, kisichukue nafasi yake. Mgonjwa mahututi husikia kwanza lugha ya mama. Kiswahili kinafaa zaidi kwa mawasiliano ya kuvuka mpaka na kwa watumishi wa nchi mbili.

6. Hitimisho

Tafiti zilizofanyika Beni na Mulago zimebadilisha kile kinachoweza kusemwa kuhusu Ebola. Zamani ujumbe ulikuwa wa kujihadhari tu, kwani hospitali haikuwa na dawa mahususi ya kutoa. Sasa, kwa aina ya Zaire, mgonjwa anayefika mapema ana nafasi kubwa ya kuishi, na jirani zake wanaweza kuchanjwa. Ujumbe huo unahitaji kuandaliwa kabla ya mlipuko ujao, katika miezi ya utulivu, wakati bado kuna muda wa kuusomea wachuuzi wa Mpondwe na wavunaji chumvi wa Katwe na kuuliza wameelewa nini.