Kadi ya Kumbukumbu ya Kamera: Ihakikiwe Kabla ya Kuaminiwa

Utepe wa uzinduzi wa daraja hukatwa mara moja tu. Kiongozi huapishwa mara moja, na maharusi huingia ukumbini mara moja. Mpigapicha akirejea ofisini na kukuta picha alizopiga hazifunguki, hakuna namna ya kuwarudisha watu mahali pale ili tukio lifanyike upya. Aghalabu lawama huelekezwa kwenye kamera, ilhali chanzo huwa ni kifaa chenye milimita 32 kwa 24 tu: kadi ya kumbukumbu, maarufu mitaani kwa jina la memori kadi.

Kifaa hicho hubeba kazi ya siku nzima ya ofisa habari wa halmashauri, mwandishi wa gazeti au mpigapicha wa sherehe. Hata hivyo, mara nyingi hununuliwa kwa haraka, kwa kuangalia bei na namba kubwa iliyochapishwa juu yake. Uimara wa kadi hautokani na namba hiyo. Hutegemea mambo matatu: uhalisi wake, kulingana kwake na kamera, na namna inavyotumiwa.

Kadi inavyofanya kazi

Teknolojia ya kumbukumbu inayotumika katika kadi hizi ilibuniwa katika miaka ya 1980 na mhandisi Fujio Masuoka, akiwa katika kampuni ya Toshiba nchini Japani. Taarifa huhifadhiwa kama chaji za umeme ndani ya vijumba vidogo mno, na chaji hizo hubaki hata kadi inapotolewa kwenye kamera. Kila kijumba huweza kuandikwa na kufutwa kwa idadi fulani ya mara, kisha huchoka. Kwa hiyo hata kadi bora kuliko zote ina ukomo wa maisha yake.

Mwaka 1999 kampuni za Panasonic, SanDisk na Toshiba zilikubaliana kutengeneza kadi ya aina ya SD, na mwaka 2000 zikaanzisha chama kinachoweka viwango vyake. Ndani ya kadi mna sehemu kuu mbili: chipu yenye vijumba vya kumbukumbu, na kidhibiti kinachopokea picha, kuzipanga na kuieleza kamera ukubwa wa nafasi iliyopo. Kamera haina njia ya kuichungulia chipu yenyewe. Huamini inachoambiwa na kidhibiti. Hapo ndipo udanganyifu hupata mlango.

Hila ya kadi bandia

Mghushi huchukua chipu ndogo, kwa mfano ya gigabaiti 8, akabadilisha programu ya kidhibiti ili kiseme kuwa nafasi ni gigabaiti 128, kisha akachapisha juu yake nembo ya kampuni yenye sifa. Kamera hukubali. Kompyuta nayo huonesha gigabaiti 128. Picha za mwanzo hufunguka bila tatizo, na mnunuzi huridhika.

Tatizo hujitokeza gigabaiti 8 za kweli zinapojaa. Kuanzia hapo picha mpya hufunika za zamani, au hutupwa pasipo kuandikwa popote. Majina ya faili huendelea kuonekana, kwa kuwa orodha ya majina hukaa mwanzoni mwa kadi, katika sehemu iliyo halisi. Mpigapicha huhesabu picha zake na kuona zimetimia, kumbe yaliyomo hayapo. Hasara hugundulika baada ya tukio kwisha.

Ni vema kutofautisha hila hiyo na jambo la kawaida. Kadi halisi ya gigabaiti 64 huonekana kwenye kompyuta nyingi ikiwa na takriban 59.6. Huo si wizi. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa makumi, yaani baiti bilioni moja, wakati programu ya kompyuta huhesabu kwa mafungu ya 1,024.

Kusoma alama zilizo juu ya kadi

Alama ya kwanza hueleza familia ya kadi. SDHC hufikia gigabaiti 32. SDXC huanzia hapo hadi terabaiti 2. Kamera ya zamani iliyotengenezwa kwa SDHC huenda isiitambue kadi ya SDXC, hata kama inaingia vizuri kwenye nafasi yake. Jibu la uhakika limo katika kitabu cha maelekezo ya kamera, si kwa muuzaji.

Alama ya pili ni kasi. Namba kubwa, kama 170 au 200 kwa sekunde, kwa kawaida ni kasi ya juu kabisa ya kusoma, yaani kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta. Kinachomhusu zaidi mpigapicha aliye uwanjani ni kasi ya chini kabisa ya kuandika ambayo kadi imeahidi kutoshuka chini yake, nayo imefichwa katika alama ndogo. Namba 10 iliyo ndani ya herufi C, au namba 1 iliyo ndani ya herufi U, humaanisha megabaiti 10 kwa sekunde. Namba 3 ndani ya U, au V30, humaanisha megabaiti 30. V60 na V90 humaanisha 60 na 90.

Hesabu rahisi huonesha kiasi kinachohitajika. Kamera inayorekodi video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde huandika megabaiti 12.5, kwa kuwa baiti moja ina biti nane. Kadi ya V30 inatosha kabisa, na gigabaiti 64 zitachukua takriban dakika 85. Anayepiga picha mnato za kawaida hana sababu ya kulipia V90. Fedha hiyo ingefaa zaidi kununulia kadi ya pili.

Dukani na baada ya dukani

Kinga ya kwanza ni mahali pa kununulia. Duka linalojulikana, lenye anuani ya kudumu na linalotoa risiti ya mashine ya EFD, humpa mnunuzi pa kurudi endapo kadi itabainika kuwa na kasoro. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine, maandishi yenye makosa ya tahajia na pakiti iliyokwisha kufunguliwa ni dalili za kumfanya mnunuzi asite. Hata hivyo, waghushi wamekuwa mahiri wa kuiga pakiti, hivyo macho pekee hayatoshi.

Kinga ya pili ni majaribio. Zipo programu zisizolipiwa, kama H2testw kwa kompyuta za Windows na F3 kwa Linux na Mac, ambazo huijaza kadi taarifa hadi mwisho, kisha huzisoma tena na kulinganisha. Kadi bandia haiwezi kuficha hila yake mbele ya jaribio hilo. Kadi ya gigabaiti 64 inayoandikwa kwa megabaiti 30 kwa sekunde huhitaji takriban dakika 36 kujazwa, na muda mwingine wa kusomwa. Jaribio lifanyike kadi ikiwa mpya na tupu, kabla ya kupelekwa kazini.

Mnunuzi anayebaini kuwa ameuziwa bidhaa bandia anaweza kutoa taarifa kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ndiyo yenye jukumu la kusimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Risiti, pakiti na matokeo ya jaribio vitunzwe, kwani ndivyo vielelezo.

Kadi ni chombo cha kubebea, si ghala

Kadi halisi nayo huweza kuharibiwa na matumizi mabaya. Isichomolewe wakati taa ya kamera inawaka kuashiria uandishi, wala kazi isiendelezwe betri ikiwa karibu kwisha, kwa sababu uandishi unaokatizwa huvuruga orodha ya faili. Kadi ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe, baada ya picha kunakiliwa na kuthibitishwa kuwa zinafunguka. Kadi isiyotumika ikae kwenye kasha lake, mbali na vumbi na unyevu.

Ikitokea picha zimefutwa kwa bahati mbaya, kadi iondolewe kwenye kamera mara moja na isipigiwe picha nyingine hata moja. Kinachofutwa kwanza huwa ni orodha. Picha zenyewe huweza kuwa bado zipo, na programu kama PhotoRec huweza kuziokoa iwapo hazijafunikwa na nyingine.

Kwa tukio lisilorudiwa, kamera yenye nafasi mbili za kadi iwekewe zote mbili na ipangwe kuandika kila picha kote kuwili. Jioni ya siku hiyo hiyo, picha zihamishiwe kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje inayotunzwa mahali tofauti, zikiwa na jina la tukio, mahali na tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ofisi za umma jambo hili lina uzito wa pekee: picha ya leo ya ujenzi wa zahanati ni kumbukumbu ambayo kizazi kijacho kitaihitaji, na kadi iliyoibeba haikutengenezwa kuitunza kwa muda wote huo.