Giza likikukuta mlimani: jinsi mfuko mmoja unavyoweza kukufikisha asubuhi

Wasikilizaji wengi mliuliza baada ya kipindi: mlilalaje juu ya Mlima Hanang bila hema? Jibu fupi ni kwamba tulilala ndani ya mifuko. Jibu refu ni hili hapa, maana linamhusu pia mchungaji anayetafuta mbuzi aliyepotea, mrina asali na mwokota kuni.

Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400. Kutoka mji wa Katesh hadi kileleni unapanda zaidi ya mita 1,500, na kwa kawaida kila mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Jioni ya koti jepesi pale Katesh, huku juu ni usiku wa meno kugongana.

Karibu na kilele njia hupita kwenye mgongo wa miamba. Hapo unashika jiwe kwa mikono ndipo utafute pa kuweka mguu. Tuliondoka tumechelewa, na saa kumi alasiri bado tulikuwa tunapanda. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Mwamba ni mgumu zaidi kuushuka kuliko kuupanda, kwa sababu huoni vizuri unapokanyaga. Mwenzetu mmoja alitaka tushuke kwa tochi ya simu. Mwongoza njia akamjibu: “Kaka, mlima hauhami. Tukae.”

Mfuko unafanya nini?

Ni mfuko mrefu usiopitisha maji, unaingia mwili mzima. Hauna joto lake wenyewe. Kazi yake ni kuzuia upepo na mvua visichukue joto lako. Ukiukosa, turubai au nailoni ya kuanikia mahindi inasaidia. Usifunike uso, unahitaji hewa.

Mambo ya kuzingatia

- Ardhi hunyonya joto. Tandika majani makavu, kamba na begi kabla ya kulala.
- Vua nguo iliyoloa jasho, vaa kavu. Funika kichwa.
- Mkiwa wengi, banana.
- Usinywe pombe. Utahisi joto kwenye ngozi, lakini ndilo joto la ndani linalotoka.
- Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema au turubai. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na inaua.
- Weka simu karibu na mwili. Baridi hupunguza chaji.

Dalili za hatari

Anayetetemeka, mwili wake bado unapambana. Akianza kujikwaa, kuongea kama mlevi, au akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, hali ni mbaya. Mvue nguo mbichi, mfunike, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na piga 112.

Kulipopambazuka tuliiona njia ambayo mwenzetu alitaka tushukie. Hatua kama ishirini chini yetu ilikuwa imekatika, na mbele yake ni korongo. Hakuna aliyesema neno.

Kwa hiyo kabla hujaondoka, mwambie mtu wa nyumbani unapita wapi na unarudi lini. Panga saa ya kugeuka. Ikifika, geuka, hata kama kilele unakiona.