Machozi Aliyoyaliza Oshin

Mtoto wa miaka saba amepandishwa chelezo cha magogo katika mto Mogami, theluji ikianguka, apelekwe uyaya kwa watu asiowajua kwa ujira wa gunia moja la mchele. Chelezo king'okapo ukingoni humwita mamaye, huita tena, hata sauti ikamezwa na maji. Mtoto huyo ni Oshin, na mchezo wa televisheni unaoitwa kwa jina lake, ulioonyeshwa na shirika la NHK la Japani tangu Aprili 1983 hadi Machi 1984, ulitazamwa na watu wengi hata wastani wake ukapita nusu ya nyumba zilizopimwa, na siku moja ya Novemba ukafika 62.9 katika kila mia, kiwango ambacho hakuna mchezo mwingine wa kuigiza wa televisheni nchini humo uliopata kukifikia.

Ulikuwa ukija kila asubuhi isipokuwa Jumapili, robo saa tu, nao ulikuwa na sehemu 297. Naamini siri yake kubwa imo katika robo saa hiyo, kwani mtu umwonaye kila siku kabla hujatoka kwenda kazini, ukamwacha katika dhiki, ukashinda kutwa ukijiuliza yamempata yapi, hawi tena mtu wa hadithi bali jirani, na madhila yake huyaonea ghaidhi kama ya jamaa yako.

Ghaidhi hiyo iliwaangukia hasa watu wa Saga, mkoa mmoja wa Japani. Oshin, akiisha kuwa mtu mzima na mali yake ikiisha kuangamizwa na zilzala kuu ya 1923, alimfuata mumewe kwao Saga, na huko mavyaa akamtumikisha mashambani naye mja mzito, hata mtoto akazaliwa maiti. Wenyeji wa Saga walilalamika kwamba wanavunjiwa heshima mbele ya taifa zima, nami siwalaumu, ingawa sidhani kuwa mavyaa wa kwao ni wakali kuliko wa kwingineko.

Walakini mtungaji, Bibi Hashida Sugako, hakukusudia kuwaliza watu kwa mateso peke yake. Hadithi yenyewe yaanza na Oshin ajuza wa miaka themanini na ushei, mama wa ukoo wenye maduka makubwa, anayetoroka nyumbani siku ya kufunguliwa tawi jipya, kwa kuwa tamaa ya mwanawe imemkinaisha; mtungaji alitaka Wajapani wa zama za neema wajiulize utajiri wao umewagharimu nini. Watazamaji aghalabu waliipita hoja hiyo, wakaishika subira ya yule mtoto, na yeyote aliyepata kuuona mchezo huu atakuhadithia habari ya chelezo kabla ya habari ya maduka.

Baadaye mchezo ulivuka mipaka, ukaonyeshwa katika nchi zaidi ya sitini. Nchini Irani ulifika wakati wa vita na Iraki, ambapo uhaba na misiba ilikuwa mambo ya kila nyumba, na mapenzi ya watu yakapindukia kiasi: Januari 1989, katika maadhimisho ya kuzaliwa kwa Bibi Fatima, binti wa Mtume, mwanamke mmoja aliulizwa na redio ni nani kigezo chake, akamtaja Oshin. Imamu Khomeini, kiongozi wa nchi, alighadhibika mno, na wakuu wa redio waliohusika wakahukumiwa, kisha wakasamehewa. Mwanamke yule, kwa maoni yangu, hakuwa na kusudi la kukufuru. Alimtaja mwanamke ambaye alimwona kwa macho akikosa mchele na akiendelea kuishi.

Wairani hao hao waliyapa maduka ya nguo za mitumba jina la Tanakura, kutokana na jina la ukoo wa mumewe Oshin, na yule mavyaa, aliyekuwa akiringia ukoo wake wa wenye ardhi mbele ya mkaza mwana wa kimaskini, asingaliipokea heshima hiyo kwa uso mkunjufu.