Kabla hujawasha moto Julai hii, angalia chimni kwanza

Kama umewahi kulala Plateau mwezi wa Julai, unajua baridi ya huku haina mchezo. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Saa moja usiku ikifika, kila mtu anavuta kiti karibu na moto.

Mwaka jana niliacha chuo nikarudi kuishi na kogo, yaani nyanya yangu. Nyumba yake ni ya zamani, ina chimni ya matofali sebuleni. Usiku mmoja moshi ukawa unarudi ndani kidogo kidogo. Tukachukulia poa, tukafunga madirisha kwa sababu ya baridi. Baadaye kichwa kikaanza kunigonga. Kumwangalia kogo, amesinzia. Nilimwita mara tatu ndipo akaitika. Nikamshika mkono, tukatoka nje mbio.

Kesho yake fundi alitoa kiota cha ndege na karibu nusu gunia la masizi.

Sasa sikiza. Moshi unauona, lakini kinachoua hukioni. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ukizisikia, toka nje na wenzako, kisha mtafute daktari. Usiseme utalala zipungue.

Hatari ya pili ni moto wenyewe. Kuni mbichi hutoa lami nyeusi inayoganda ndani ya chimni. Ikishika moto huko juu, hata paa linaweza kuungua.

Kwa hivyo fanya hivi angalau mara moja kwa mwaka. Mimi nimechagua Mei, kabla baridi haijakolea:

1. Acha chimni ipoe siku nzima. Funika viti, ziba mdomo wa meko kwa gunia, funga kitambaa puani na mdomoni.

2. Tumia brashi ya waya yenye mpini mrefu. Sugua kutoka juu kwenda chini. Kama mabati yameloa au ngazi haijakaa sawa, usipande. Muite fundi.

3. Zoa masizi yote chini. Kisha weka kioo kwenye meko, ukiinamishe utazame juu. Ukiona mwanga wa anga, njia iko wazi.

4. Kagua nyufa. Moshi ukipenya kwenye ufa, unaingia chumbani.

5. Funga wavu wa waya juu kuzuia ndege. Hakikisha matundu yake hayazibi moshi.

Kuni nazo zipasue, uzipange mahali penye upepo na paa juu, zikauke kama miezi sita. Ukigonga vipande viwili vikalia ko! ko!, viko tayari. Usichome plastiki, na usimwage mafuta ya taa eti moto ushike haraka.

Na kama huna chimni, jiko la makaa lisilale nawe chumbani. Bedsita ya Eldoret mjini ni ndogo, gesi inajaa upesi. Vaa sweta mbili, ongeza blanketi.

Siku hizi Mei ikiingia, kogo hanisalimu kwanza. Anauliza tu, "Umeshapanda juu?" Nawe, lini mara ya mwisho mtu alipanda kwenu?