Mtoto akianguka uwanjani, mashine ya kushtua moyo iko wapi?

Desemba 4, 2016, vijana wa Mbao FC wa chini ya miaka 20 walikuwa wakicheza na wenzao wa Mwadui kwenye Uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Ismail Khalfan, kijana wa miaka 19, alifunga bao na kushangilia na wenzake. Baadaye katika mchezo huohuo aligongana na mchezaji wa upande wa pili, akaanguka. Siku hiyo hiyo akafariki dunia.

Tukio kama hilo linaacha swali ambalo kila mzazi mwenye mtoto anayecheza mpira, anayekimbia au anayeogelea anapaswa kuuliza. Akianguka leo na moyo wake ukasimama, ni nani uwanjani anajua la kufanya, na ana kifaa gani mkononi?

Wiki hii tuangalie mashine ya kushtua moyo, ambayo wataalamu huiita defibrileta, na kwa nini nchi nyingine zimeifanya kuwa lazima kwenye viwanja vya michezo.

Moyo kusimama ni nini?

Mtu akianguka ghafla, wengi husema “presha imempanda” au “amepata kifafa”. Wapo wanaohisi mkono wa mtu. Kumbe mara nyingi kijana anapoanguka akiwa mchezoni bila kupata jeraha kubwa, shida iko kwenye umeme wa moyo.

Moyo hudunda kwa sababu una umeme wake wa asili unaoamrisha misuli ijikaze kwa mpangilio. Mpangilio huo ukivurugika, misuli hutetemeka badala ya kusukuma damu. Ubongo ukikosa damu, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache.

Kwa vijana, vyanzo vinavyojulikana ni pamoja na misuli ya moyo iliyonenepa kupita kawaida, ugonjwa ambao mara nyingi hurithiwa, hitilafu za kuzaliwa za umeme wa moyo, na maambukizi ya virusi kwenye misuli ya moyo. Hata mpira au kiwiko kikigonga kifua kwa nguvu, kwa sekunde mbaya, kinaweza kuuvuruga moyo uliokuwa mzima kabisa.

Misuli ya moyo iliyonenepa ndiyo iliyotajwa katika kifo cha Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka mjini Lyon, Ufaransa, Juni 26, 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Alikuwa na miaka 28.

Kila dakika ina bei

Bila msaada wowote, nafasi ya mtu huyo kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita kabla moyo haujashtuliwa. Dakika kumi zikiisha, kinachobaki ni kidogo sana.

Sasa fikiria uwanja wa mtaani kwenu. Kupiga simu, kutafuta gari, kubeba mgonjwa, foleni, kufika hospitali, kupokewa. Dakika kumi zimekwisha zamani. Ndiyo maana mashine inatakiwa iwe uwanjani kabla mchezo haujaanza. Iliyopo hospitali, hata iwe nzuri kiasi gani, haitamfikia kwa wakati.

Mfano ni Christian Eriksen wa Denmark. Juni 12, 2021 alianguka mjini Copenhagen katika mechi ya Euro dhidi ya Finland. Alikandamizwa kifua palepale kwenye nyasi na kushtuliwa kwa mashine, akarudiwa na fahamu kabla hajatolewa uwanjani. Alipandikizwa kifaa kidogo cha kulinda moyo kifuani, na mwaka 2022 alikuwa amerudi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kwenye Euro ya 2024 aliifungia Denmark bao.

Mwingine ni Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekuwa akichezea Bolton. Machi 17, 2012 alianguka kwenye uwanja wa Tottenham jijini London. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kudunda inavyotakiwa, na ulishtuliwa mara 15. Ameishi. Hakurudi kucheza soka, lakini watoto wake wana baba.

Wote wawili walikuwa wamepitia vipimo vya afya vya klabu kubwa. Vipimo ni muhimu, lakini havikamati kila tatizo. Mashine ni kwa ajili ya yule ambaye vipimo vilimpita.

Mashine hii inafanyaje kazi?

Ile ya kutumiwa na watu wa kawaida ni kisanduku chepesi kinachobebeka kwa mkono mmoja, kikiwa kimeandikwa AED. Ukikiwasha, kinazungumza. Kinakuelekeza ufunue kifua cha mgonjwa na ubandike vibandiko viwili, kimoja chini ya mfupa wa bega la kulia, kingine ubavuni upande wa kushoto chini ya kwapa. Kisha mashine yenyewe inasoma umeme wa moyo.

Wengi huogopa kwamba wataua mtu kwa kumpiga shoti. Mashine hairuhusu. Ikikuta moyo hauhitaji kushtuliwa, haitoi umeme hata ubonyeze kitufe mara kumi. Ikikuta unahitaji, itawaambia watu wasimguse mgonjwa, kisha itakuagiza ubonyeze, au itashtua yenyewe kulingana na aina yake.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 8 kuna vibandiko vyake vidogo au kitufe cha mtoto. Visipokuwepo, tumia vya mtu mzima, kimoja katikati ya kifua na kingine mgongoni, ili visigusane.

Italia walivyoifanya sheria

Aprili 14, 2012, Piermario Morosini wa Livorno, mwenye miaka 25, alianguka kwenye mechi mjini Pescara na kufariki. Mjadala mkubwa uliofuata ulihusu mashine ya kushtua moyo, ambayo haikutumika siku hiyo.

Aprili 2013 serikali ya Italia ilitoa amri kwamba vyama vya michezo, vya kulipwa na vya ridhaa, viwe na mashine hiyo na watu waliofundishwa kuitumia. Vile vya ridhaa vilipewa miezi 30 kujipanga. Vingi vililia gharama, muda ukasogezwa zaidi ya mara moja, hadi mwaka 2017 ndipo ukafungwa.

Yapo mambo mawili ya kujifunza hapo. Sheria haikutaja mashine peke yake, ilimtaja na mtu wa kuitumia. Pia ilitoa muda, kisha muda ukaisha.

Kwetu tuanzie wapi?

Mwaka 2013 FIFA iligawa mikoba ya dharura yenye mashine hizi kwa mashirikisho wanachama wake duniani. Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON 2027, na viwanja vikubwa vinaandaliwa kwa viwango vya kimataifa. Lakini watoto wetu hawachezi kwenye viwanja hivyo. Wanacheza kwenye viwanja vya shule, vya vumbi mtaani, kwenye akademi za Jumamosi, UMITASHUMTA, UMISSETA na mabonanza.

Hoja ya gharama ni ya kweli. Mashine moja huuzwa kwa kati ya dola 1,000 na 2,500 za Marekani, na betri na vibandiko vyake vina tarehe ya mwisho wa matumizi. Shule ya kata yenye upungufu wa madawati haiwezi kuambiwa ikanunue kesho.

Kwa hiyo sharti lianzie kwa wenye uwezo na penye watu wengi: viwanja vya ligi, akademi zinazotoza ada, mbio ndefu zenye viingilio, na mashindano ya shule ya ngazi ya mkoa na taifa. Si lazima kila uwanja uwe na yake. Mashine inaweza kusafiri na mashindano kama unavyosafiri mfuko wa mipira na kombe.

Mashabiki wa Ligi Kuu wamezoea kusikia mechi imechelewa kwa sababu gari la wagonjwa halijafika. Kanuni hiyo ni nzuri, ila gari lenye machela na king’ora tu halishtui moyo. Mwamuzi anayeuliza “gari lipo?” aulize pia “mashine ipo, na anayejua kuitumia ni nani?”

Mashine iliyofungiwa ofisini na ufunguo uko kwa katibu aliyesafiri ni sawa na haipo. Vivyo hivyo ile ambayo betri yake ilikufa mwaka jana.

Akianguka mbele yako

Kushuku kwamba moyo umesimama, angalia mambo mawili: haitiki ukimwita na kumtikisa bega, na hapumui kawaida. Kukoroma au kuvuta pumzi kwa kukatakata si kupumua. Wengine hutikisika kidogo mwanzoni, watu wakadhani ni kifafa wakasubiri kiishe. Msisubiri.

Usimmwagie maji, usimnusishe kiatu, usimwekee kijiko mdomoni, wala usipoteze muda kuvuta ulimi. Fanya hivi:

1. Mtu mmoja apige simu kuita msaada, mwingine akimbilie mashine kama ipo.

2. Wewe mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono na ukandamize kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kiingie sentimita 5 hadi 6. Kwa mtoto, kiingie theluthi moja ya unene wa kifua chake. Mkono mmoja unaweza kutosha. Kama umefundishwa kupulizia pumzi, mpe mbili kila baada ya kukandamiza mara 30.

3. Pokezaneni kila dakika mbili, maana inachosha.

4. Mashine ikifika, iwashe na ufuate maelekezo yake. Ikishamaliza kushtua, endelea kukandamiza mpaka apumue au wahudumu wapokee.

Hata pasipo na mashine, mikono hii hupeleka damu kwenye ubongo na kununua dakika. Haina gharama, na kila kocha na mwalimu wa michezo anaweza kufundishwa kwa siku moja.

Mzazi, uliza kabla ya Jumamosi

Mpeleke mtoto kwa daktari kabla hajaendelea na michezo kama amewahi kuzimia akikimbia au mara tu baada ya kukimbia, analalamika maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio bila sababu, anachoka kuliko wenzake, au kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa hajafika miaka 50. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha ECG, kisicho na maumivu, na kumtuma kwa bingwa wa moyo ikibidi. Mtoto mwenye maumivu ya koo na homa naye atibiwe mapema, kwani baadhi ya maambukizi ya koo yasipotibiwa huishia kuharibu milango ya moyo.

Kisha muulize kocha maswali manne. Nani hapa amefundishwa kukandamiza kifua? Mashine ya karibu iko wapi, na inafika hapa kwa dakika ngapi? Mara ya mwisho betri na vibandiko vilikaguliwa lini? Nani ana namba ya gari la wagonjwa, na geti linafunguliwa na nani?

Akikosa majibu, usimgombeze. Huenda hajawahi kuulizwa. Mtafute mzazi mwenzako, kisha mzungumze kwenye kikao kijacho. Wazazi 40 wanaochangia jezi na nauli za mashindano wanaweza kuchangia mafunzo ya siku moja mwaka huu, na mashine mwaka ujao.

Sheria ikija, itukute tumeshaanza. Isipokuja mapema, walau Jumamosi hii kocha atakuwa anajua geti linafunguliwa na nani.