Umehamia Linux, folda ya saiba haionekani? Tulia, bado ipo

Dada mmoja alitoka Mwatate akaja Voi kuchapisha barua ya kuomba kazi. Mwisho wa kuipeleka ilikuwa saa kumi na moja jioni, na saa hizo zilikuwa saa tisa. Barua, vyeti na nakala ya kitambulisho tulikuwa tumemhifadhia kwenye folda ya pamoja ya saiba. Nikabofya sehemu ya mtandao. Hakuna kitu!

Wiki hiyo nilikuwa nimetoa Windows 10 kwenye mashine zetu kuukuu nikaweka Linux Mint. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu hazikubali Windows 11. Ile moja mpya yenye folda ndiyo pekee iliyobaki na Windows.

Jasho lilinitoka nikidhani nimefuta kazi za watu. Kumbe mashine zilikuwa hazitambuani tu. Zamani zilionana kupitia SMB 1, njia kongwe ambayo WannaCry iliitumia kusambaa duniani Mei 2017. Windows za siku hizi huja njia hiyo ikiwa imezimwa, kwa hivyo orodha inaweza kuwa tupu na folda ipo.

Dawa ni kwenda mlangoni moja kwa moja. Kwenye Windows, hakikisha mtandao umewekwa kuwa wa binafsi, kisha andika ipconfig kwenye Command Prompt upate anwani, tuseme 192.168.1.20. Kwenye Mint, fungua dirisha la mafaili, bonyeza Ctrl na L, uandike smb://192.168.1.20/ ukimalizia na jina la folda. Utaulizwa jina la mtumiaji na nywila ya ile Windows. Hapa ndipo nilipokwama: nilikuwa naweka PIN ya kufungulia mashine. PIN haifanyi kazi hapa, ni nywila yenyewe.

Ikifunguka, iwekee alama usiitafute tena. Anwani nayo iwekwe ya kudumu kwenye ruta, la sivyo stima ikipotea na kurudi inaweza kubadilika.

Kuna watakaokushauri urudishe SMB 1 au uondoe nywila mambo yaishe. Usikubali. Humo ndani mna vitambulisho vya watu, na wateja wako kwenye Wi-Fi hiyo hiyo.

Saa kumi kasorobo, printa ikaanza kulia. Dada akalipa, akakimbilia matatu.